Unasomea urubani? Soma tarehe ya chati kabla ya kusoma bei

Karo ya urubani sote tunaijua, hata sisi tusioruka popote. Kila familia Nairobi ina binamu mmoja aliyewahi kuingia Wilson kuulizia bei ya kozi ya PPL, ile leseni ya kwanza ya rubani, akarudi nyumbani kimya kama aliyetoka kuona bili ya ICU. Saa za ndege, vipimo vya afya, ada za mitihani, hedseti. Ukihesabu vizuri unakuta wengi wanaomaliza wamevuka milioni moja, na bado hawajalipwa na mtu yeyote hata ndururu.

Hayo unaambiwa mapema. Kile ambacho mara nyingi huambiwi ni habari ya karatasi.

Unaanza darasa, unakabidhiwa orodha ya vitu vya kununua. Kitabu cha kuandikia saa zako. Rula ya urubani. Kikokotoo cha duara, ile kitu inafanana na sahani yenye namba pande zote. Kisha kuna neno moja limekaa mwishoni kama kitunguu kwenye orodha ya sokoni: chati. Chati gani? Ya mwaka gani? Ya skeli gani? Orodha imenyamaza. Unauliza mwenzako, anakuambia kuna msee anauza yake.

Hapo ndipo naomba usimame kidogo tuongee, kabla hujatuma M-Pesa.

Kwanza tuelewane kuhusu chati yenyewe. Wengi wetu tumekuzwa na ramani ya simu, ile inakuambia ugeuke kushoto baada ya mita mia mbili. Angani hakuna kushoto baada ya mita mia mbili. Ukiwa futi 8,500 unachohitaji kujua ni kilima kilicho mbele kina kimo gani, anga uliyomo ni ya nani, mbele kuna eneo lililopigwa marufuku au la, na injini ikikohoa uwanja wa karibu uko upande gani. Ramani ya simu haina hata kimoja kati ya hivyo. Itakuonyesha duka la kuku la Rongai, na kwenye kokpiti duka la kuku halikusaidii.

Chati ya anga ina ardhi na anga kwenye karatasi moja. Chini kuna mito, reli, barabara, miji, na vilima vilivyopakwa rangi kulingana na kimo. Juu yake kumechorwa mistari ya anga inayosimamiwa, viwanja vya ndege, minara mirefu, nyaya za umeme, na maeneo yenye herufi ambazo kila mwanafunzi wa Kenya hujifunza kuziogopa: HKP ni marufuku kabisa, HKR ni eneo lenye masharti, HKD ni eneo la hatari. HK ni sisi, Kenya. Kila herufi hizo hufuatwa na namba, na namba hiyo unaitafuta kwenye kitabu rasmi cha taarifa za anga, AIP, ujue masharti yenyewe ni yapi na ni ya saa ngapi.

Halafu kuna ile namba kubwa katikati ya kila mraba, ikifuatwa na namba ndogo begani. Mgeni hudhani ni namba ya ukurasa. Hapana. Hiyo ni kimo cha kitu kirefu kuliko vyote ndani ya mraba huo, kwa maelfu na mamia ya futi, kikiwa kimeongezwa kidogo kwa usalama. Mraba wenye Mlima Kenya lazima uanze na 17, kwa sababu kilele cha Batian kiko mita 5,199, yaani futi elfu kumi na saba na zaidi. Cessna 172 ya shule haifiki huko. Kwa hivyo namba hiyo inakuambia kwa lugha ya upole: zunguka.

Sasa tuje kwenye kununua. Swali la kwanza si bei. Ni skeli.

Chati utakazokutana nazo zaidi ni za aina mbili, 1 kwa 1,000,000 na 1 kwa 500,000. Kwa ile ya milioni, sentimita moja ni kilomita 10. Kwa ile ya laki tano, sentimita moja ni kilomita 5. Ukiwa dukani unaona ya milioni imebeba nchi karibu nzima kwa karatasi moja, na ya laki tano inakutaka ununue karatasi kadhaa. Akili ya hasla inakuambia chukua ile moja, umemaliza.

Lakini chukua rula uangalie Nairobi. Kutoka Wilson hadi JKIA ni kama kilomita 12 na nusu kwa mstari ulionyooka. Kutoka Wilson hadi kambi ya jeshi la angani pale Eastleigh ni kama kilomita 7. Kwenye chati ya milioni, viwanja hivyo vitatu vyote vinakaa ndani ya sentimita moja na robo. Ukucha wako unavifunika. Hapo ndipo wewe mwanafunzi mwenye saa kumi na tano unatakiwa kujua unapita wapi, kwa kimo gani, ukiongea na nani kwenye redio. Na anga hiyo imejaa. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na Dash 8 iliyokuwa na watu 44, juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mkufunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi Wilson na kutua salama. Sidai kwamba chati ilihusika kwa vyovyote. Naitaja kwa sababu watu wengine husema mambo ya ramani ni ya kupita mtihani tu, na mimi sikubaliani nao.

Kwa hivyo ukipata ya laki tano, nunua ile inayofunika eneo unalofanyia mazoezi na safari zako za kwanza, usinunue seti yote kwa mbwembwe. Ukikosa, chukua ya milioni, lakini usitoke nayo peke yake. Ongeza kurasa za Nairobi kutoka AIP, zile zinazoonyesha uwanja wenyewe, njia za kuingia na kutoka, na masafa ya redio. Kurasa hizo ndizo zitakusaidia dakika kumi za kwanza na kumi za mwisho, ambazo kwa mwanafunzi ndizo dakika za jasho.

Swali la pili ni tarehe, na hapa ndipo pesa za vijana wengi hupotelea.

Dada mmoja ninayemfahamu, wakati huo akiwa na saa thelathini hivi, alinunua chati kwa mwanafunzi aliyekuwa amemaliza na anahama. Bei ilikuwa ya mlo mmoja wa mchana. Karatasi safi, haijakunjika sana, imefunikwa plastiki vizuri. Alipoileta darasani, mkufunzi wake hakuifungua. Aliigeuza tu, akasoma maandishi madogo ya pembeni, akamrudishia na kumwambia, "Madam, hii chati imekuzidi umri." Ikawa mapambo ya chumba. Akanunua nyingine, na hiyo haikuwa bei ya chakula cha mchana.

Karatasi za aina hiyo ziko nyingi. Kwa miaka mingi marubani wa Afrika walitegemea chati zilizochorwa na Wamarekani kwa ajili ya jeshi lao: ONC kwa skeli ya milioni, TPC kwa skeli ya laki tano. Ni chati nzuri kwelikweli. Milima yake imechorwa na mtu aliyekuwa makini. Shida ni kwamba nyingi zinazozunguka ni matoleo ya miaka ya 1980 na 1990. Milima haijahama tangu hapo, sawa. Ila Kenya imehama.

Fikiria hivi. Umeambiwa ufuate reli kutoka Nairobi kuelekea Naivasha. Wakufunzi wanapenda reli, ni mstari usiokosea. Kwenye chati yako ya zamani reli ni moja, ile ya mkoloni, inayopitia Kikuyu, Limuru na Kijabe hadi Naivasha. Unatazama chini unaona reli safi inang'aa, unaifuata. Tatizo ni kwamba hiyo ni SGR ya kipande cha pili, iliyofunguliwa Oktoba 2019. Inapitia Ongata Rongai na Ngong, inajificha ndani ya handaki, inatokea Bonde la Ufa upande wa Mai Mahiu, halafu inakupeleka Suswa. Si Naivasha mjini. Sasa uko bondeni, mlima ulio mbele yako haufanani na Longonot uliyoahidiwa, na mkono unaanza kutafuta redio.

Ama angalia upande wa nishati. Vilima vya Ngong, ambavyo kutoka Wilson unaviona kwa macho, sasa vina mitambo ya upepo. Kajiado kuna Kipeto, mitambo 60. Ukienda kaskazini, Loiyangalani kuna 365, na umeme wake unasafirishwa hadi Suswa kwa laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400. Vyote hivyo ni vitu virefu vilivyosimama mahali ambapo chati ya 1992 inaonyesha nyasi. Mwanafunzi anayeruka chini ya mawingu kwa sababu hali ya hewa imeharibika ndiye anayekutana na nyaya, si yule aliye juu kwenye ndege kubwa.

Na hayo ni yale unayoyaona. Mipaka ya anga huwezi kuiona. Duniani kote mabadiliko yaliyopangwa ya taarifa za anga huanza kutumika kwa mzunguko wa siku 28, kila mara siku ya Alhamisi, ili marubani wote wageuze ukurasa siku moja. Hakuna anayechapisha karatasi kubwa upya kila siku 28. Kwa hivyo hata chati uliyonunua leo asubuhi ni msingi tu. Juu yake unaweka marekebisho ya AIP, na juu ya hayo unaweka NOTAM, yale matangazo ya muda mfupi: uwanja fulani umefungwa, taa hazifanyi kazi, kuna mazoezi ya jeshi mahali fulani. Wanafunzi waangalifu huchukua penseli wakaandika mabadiliko hayo moja kwa moja kwenye chati. Inakuwa chafu, sawa, lakini inasema ukweli.

Sheria nayo iko wazi. Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, vinataka ndege ibebe chati za sasa na zinazofaa kwa njia utakayopita, pamoja na njia nyingine yoyote unayoweza kulazimika kuichukua ukigeuzwa. Zingatia hayo maneno mawili: za sasa, na zinazofaa. Chati ya Mombasa ya mwaka huu haifai kwa safari ya Eldoret. Ya Eldoret ya wakati wa Moi si ya sasa.

Unaangaliaje tarehe? Usitazame jalada. Kunjua karatasi, nenda kwenye ukingo, mara nyingi chini au pembeni, tafuta namba ya toleo na sentensi inayosema taarifa za anga ni za hadi lini. Zinaweza kuwa tarehe mbili tofauti, ya ramani ya ardhi na ya taarifa za anga. Unayoitaka ni ya pili. Muuzaji akikataa kuifungua kwa sababu "itachafuka", mwache nayo.

Wapi pa kununua? Anza na shule yako, lakini usiishie hapo. AIP ina sehemu inayoitwa GEN 3.2. Hapo kila nchi huorodhesha chati zake rasmi, skeli zake, na namna ya kuzipata. Ni kurasa chache, na nimeshangaa ni wanafunzi wangapi hawajawahi kuzifungua. Shule yoyote ya urubani inafaa kuwa na AIP; omba uione, ni haki yako, usiogope kuonekana msumbufu. Kisha uliza Mamlaka ya Safari za Ndege Nchini, KCAA, ambayo makao yake ni Aviation House pale JKIA, toleo la sasa ni lipi. Ukiwa na jina la chati na namba ya toleo mkononi, hakuna muuzaji atakayekuzungusha, awe ni wa Wilson au wa mtandaoni.

Kuagiza ng'ambo kunawezekana, maduka ya vifaa vya marubani yako mengi. Piga hesabu yote tu: bei ya karatasi, usafirishaji, ushuru, na wiki za kungoja. Kisha muulize muuzaji toleo gani analotuma, kwa maandishi. Duka la London halijali kama stoo yake ya Afrika Mashariki imekaa miaka sita. Wewe ndiye utakayejali kifurushi kikifika. Na ukiagiza, agizeni watatu au wanne pamoja, mgawane gharama ya kusafirisha. Hii chama ya chati nimeiona ikifanya kazi vizuri kuliko chama nyingi za pesa.

Kisha kuna njia ya mkato ambayo najua unaifikiria, kwa sababu mimi niliyeacha chuo nikiwa mwaka wa pili naijua River Road na mashine zake za fotokopi kama nyumbani. Mwenzako ana chati nzuri, wewe unatoa kopi. Vitabu vyote vya kampasi tulisoma hivyo, si ndiyo?

Kwa chati inakataa, na sababu zake ni za rula. Mashine nyingi hupunguza ukubwa kidogo ili picha ienee kwenye karatasi. Asilimia tatu huwezi kuiona kwa macho. Lakini chukua safari ya Wilson hadi Nanyuki, kama kilomita 140, ambayo kwa chati ya milioni ni sentimita 14. Punguza asilimia tatu, tayari umepoteza kilomita nne na zaidi, na hesabu yako ya muda na mafuta imeanza na uongo. Tena ukikata chati kubwa vipandevipande vya A3 na kuvibandika kwa selotepu, kila kiungo ni nafasi ya mstari kupinda. Na kama kopi ni nyeusi na nyeupe, mto, barabara, mpaka wa kaunti na ukingo wa eneo la HKR vyote vinakuwa mistari myeusi inayofanana. Rangi kwenye chati si urembo.

Kama tayari una karatasi usiyoiamini, kuna kipimo cha dakika moja. Weka rula kwenye mstari unaopanda kutoka kusini kwenda kaskazini, upime digrii moja ya latitudo, kwa mfano kutoka digrii 1 kusini hadi ikweta. Digrii moja ina maili 60 za baharini, kwa kwetu hapa kama kilomita 111. Kwa chati ya milioni unatakiwa kupata sentimita 11 na kidogo sana. Kwa ya laki tano, 22 na kidogo. Ukipata 10.7, hiyo si chati, ni picha ya chati.

Nilitaja Nanyuki makusudi, kwa sababu ni safari inayoonyesha thamani ya karatasi hii. Kutoka Wilson ni maili za baharini kama 76, dakika arobaini na tano hivi kwa Cessna 172 kukiwa hakuna upepo wa maana. Mstari wako unapanda karibu kaskazini moja kwa moja, ukipita pengo la Nyeri. Kushoto una Aberdare, ambayo kilele chake kinafika mita 4,001. Kulia una Mlima Kenya. Hapo katikati ni pazuri, marubani wanasema ni moja ya njia nzuri zaidi nchini asubuhi kukiwa wazi. Lakini kosea pembe kwa digrii tano tu, na ukifika mwisho wa safari umetoka njiani kwa kama kilomita 12. Upande wa kulia, kilomita 12 ni miteremko ya Mlima Kenya, na kufikia saa nne asubuhi mara nyingi miteremko hiyo imeshajifunika shuka la wingu. Hesabu yenyewe ni ya zamani na rahisi: kosa la digrii moja kwa maili 60 ni maili moja. Kila mkufunzi ataikariri mbele yako hadi uiote usiku.

Na utaihitaji, kwa sababu PPL haikupi kupita bila safari ndefu ya peke yako. Kiwango cha ICAO ni saa 40 za kuruka kwa kozi ya kawaida, kumi kati yake ukiwa peke yako, na ndani ya hizo kumi, saa tano za safari, ikiwemo moja ya angalau kilomita 270 yenye kutua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Siku hiyo kiti cha kulia hakina mtu. Kuna wewe, redio, na ulichokunjua magotini.

Wale mnaopanga kwenda kusomea Afrika Kusini, kuna jambo moja la kuwaonya mapema. Dira huonyesha kaskazini ya sumaku, chati huchorwa kwa kaskazini ya kweli, na tofauti ya hizo mbili imechorwa kwenye chati kwa mistari ya vidoti. Hapa Nairobi tofauti hiyo iko karibu na sifuri, kwa hivyo mwanafunzi wa Wilson anaweza kuisahau mwaka mzima na asipotee. Johannesburg ni kama digrii 20 magharibi. Ukiisahau pale, ile hesabu ya kosa la digrii moja zidisha kwa ishirini. Tena namba hiyo hubadilika polepole kila mwaka, sababu nyingine ya kutotumia chati ya babu.

Najua kuna mtu amesoma hadi hapa akisema, huyu hajasikia kuhusu tableti? Nimesikia. ForeFlight, SkyDemon na wenzao ni programu za nguvu, zinakuonyesha ndege yako ikitembea kwenye chati na zinakuonya taarifa zikiisha muda. Ukiwa na uwezo, nunua. Kabla ya kulipa tu, hakikisha Kenya imo na imo kwa kiwango gani, maana kuna programu zinazong'aa Ulaya na Marekani halafu ukivuka kuja huku zinakuwa kurasa tupu. Tableti pia haipendi jua. Cessna ikikaa nje pale Wilson mchana kutwa, ndani ni jiko, na kifaa kilichochemka hujizima bila kukuomba ruhusa. Mtahini naye anaweza kukuambia kwa utulivu mkubwa, "Hebu zima hiyo." Mtihani wa darasani wa uelekezaji ni rula, penseli na ile sahani ya namba. Anza na karatasi, ongeza skrini baadaye.

Kuhusu bei, nina maoni yangu na sitayaficha. Marekani, mamlaka yao ya anga, FAA, hutoa chati za skeli ya laki tano kila siku 56, na faili zake unazipakua bure kabisa. Anayetaka karatasi ananunua, asiyetaka anatumia faili. Naona kila nchi ingefanya hivyo, sisi tukiwa wa kwanza. Taarifa ya kilima kiko wapi si bidhaa ya kumficha mwanafunzi.

Ingawa, tuwe wakweli, biashara ya chati ni ya zamani. Mmarekani Elrey Jeppesen alikuwa rubani wa barua miaka ya 1930, wakati marubani wengi walifuata ramani za barabara. Alinunua kijitabu kidogo cheusi kwa senti kumi, akawa anaandika humo vimo vya vilima, urefu wa viwanja, hata namba za simu za wakulima ambao wangemwambia hali ya hewa. Wenzake wakaanza kumwomba nakala. Akawauzia kwa dola kumi, na mwaka wa 1934 ikawa kampuni. Jina lake bado liko kwenye chati zinazotumiwa na mashirika makubwa ya ndege. Hasla ya kweli, hiyo.

Ukishanunua, mambo madogo yaliyobaki. Usichore kwa kalamu ya wino. Penseli laini, au ile ya mafuta kama umefunika plastiki. Plastiki isiwe ile ngumu ya kitambulisho, kwa sababu chati lazima ikunjike. Na fanya mazoezi ya kuikunja nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kiti cha jikoni, mkono mmoja ukiwa umeshika kijiko kama usukani, hadi uweze kugeuza upande wa pili bila kuinamisha kichwa wala kufunika dirisha. Nairobi ibaki juu, njia yako ionekane, ukingo wenye tarehe uwe nje. Mkufunzi wako ataanzia hapo.